Seva Iliganda, Nami Nilijua Kwa Nini

Nakumbuka Jumatatu moja katika zahanati fulani ya mtaa wa Huruma, mwanangu, nikiwa na umri kama wako na cheti changu cha kompyuta bado kipya. Nilikuwa nimeajiriwa kutunza mafaili ya wagonjwa. Hayakuwa ya karatasi. Yalikaa kwenye seva ya wingu, yaani kompyuta ya kukodi iliyo mbali, ambayo hutaigusa kwa mkono hata siku moja. Muuguzi mkuu, Sista Halima, alikuwa mama aliyeanza kudunga watu sindano kabla mimi sijajua kusoma. Alinipa sharti moja tu: nisiguse kitu kabla ya kumwambia, ili achapishe kwanza mafaili ya wagonjwa waliotarajiwa.

Jumamosi mchana nilisasisha keneli, ile sehemu ya ndani kabisa inayoongoza kompyuta nzima. Sikumwambia. Tulikuwa na seva ndogo ya majaribio, lakini niliiruka, nilijiona mjuzi. Seva ikazimika, ikawaka vizuri, nikafunga laptopu nikaenda zangu kusukwa nywele.

Jumatatu saa tatu, mabenchi yakiwa yamejaa, seva ikaganda, haifungui faili lolote. Nikaiwasha upya. Ikafanya kazi robo saa, ikaganda tena. Nikaiongezea memori. Nikabadili mipangilio ya hifadhidata. Nikapigia watu wa mtandao simu nikawalaumu, maskini, na hawakuwa na kosa. Kila nilipogusa kitu kipya nilizidi kutojua kipi kinasaidia na kipi kinaharibu.

Na moyoni nilijua. Tangu Ijumaa kitu kimoja tu kilikuwa kimebadilika, na aliyekibadilisha ni mimi. Keneli ya zamani ilikuwa bado imo ndani ya seva. Ningeweza kuichagua wakati wa kuwasha seva. Lakini ukurasa wa kufanyia hivyo ulikuwa na nywila aliyoitunza Sista Halima kwenye droo yake, na kuiomba ni sawa na kukiri.

Saa tano akaingia shosho mmoja kutoka mtaa wa Baba Dogo, amembeba mjukuu wa miaka mitatu, kifua cha mtoto kikipanda na kushuka mbiombio. Mama yake alikuwa kazini kiwandani, simu imezimwa.

"Kuna sindano mlimdunga hapa mwaka jana akafura uso mzima," shosho alisema. "Jina lake silijui."

Jina lilikuwa kwenye faili, na faili lilikuwa kwenye seva.

Sista Halima akaja mezani pangu. "Njeri, umebadilisha nini?"

"Hakuna, Sista. Ni mtandao."

Hakupaza sauti. "Shosho hajui jina la dawa, na simlaumu. Wewe kuna kitu unajua. Mgonjwa akinificha alichokula, nitamtibu vipi? Nakuuliza tena. Umebadilisha nini?"

"Nilisasisha keneli Jumamosi," nikasema, nikitazama sakafu.

"Inaweza kurudishwa?"

"Inaweza. Nahitaji ile nywila."

Akaitoa kwenye droo, akanipa. Nilipofungua ule ukurasa nikakuta ujumbe umejaa tele, tangu asubuhi, ukieleza kwamba kazi zote zinangoja diski, pale mafaili yanapohifadhiwa, na diski haijibu. Seva ilikuwa inasema inapoumwa, nami sikuwa nimeitazama. Nikachagua keneli ya zamani, nikawasha. Dakika chache baadaye faili likafunguka. Sista akasoma jina la ile dawa, akachukua nyingine. Kufikia alasiri mtoto alikuwa anakunywa uji.

Ndipo akaniita pembeni. "Mficha maradhi, kifo humuumbua," aliniambia. "Lakini leo maradhi yalikuwa yako, na kifo kingemchukua mtoto wa watu." Nililia chooni, sikatai. Kisha nikakaa na daftari, nikaandika kila nilichokigusa asubuhi ile, nikakirudisha kimoja kimoja. Wiki hiyo nikaijaribu keneli mpya kwenye seva ndogo, nayo ikaganda vilevile. Tukaiacha hadi waliyoitengeneza walipoirekebisha.

Sasa na wewe umepata kazi ya seva, na nimefurahi. Kusasisha utasasisha, maana mfumo uliochakaa ni mlango wazi kwa wezi. Ila anza na seva ya majaribio, uwaambie watu kabla hujagusa, na keneli ya zamani usiifute mapema. Ikiganda, soma kwanza inachosema, kisha badili kitu kimoja tu, utazame. Zaidi ya yote, ukiulizwa umebadilisha nini, jibu mara ya kwanza. Kosa lililosemwa hurekebishwa na wengi. Lililofichwa unabaki nalo peke yako, na anayeumia ni mtu aliye kwenye benchi.

Nenda kazini, mwanangu. Mungu akupe mkono mtulivu na ulimi usioogopa ukweli, na wale watakaokutegemea bila kukujua wasipate dhara kwa sababu yako.