Jenerali Aliyekula Kando ya Majivu

Nakumbuka asubuhi moja mwaloni kwetu, pale wavuvi wa ziwa wanapopakulia samaki, upande wa Sengerema, nikiwa kijana mwenye misuli na mdomo, kazi yangu kuvuta kamba za kokoro. Mwanangu, ninyi mnaokutana na samaki akiwa tayari kwenye sahani mnaweza msilijue kokoro. Ni wavu mrefu, unazungushwa majini kwa mtumbwi, halafu watu wanashika kamba pande mbili na kuuburuta mpaka nchi kavu. Unazoa kila kitu, mkubwa na mdogo. Serikali ililikataza, sisi tukaendelea, maana ndilo lililotulisha. Na hakuna kijana wa mwambao ule aliyevuta kamba kunishinda. Anayebisha aje.

Tajiri wangu, yaani mwenye kokoro, alikuwa Mzee Bwire, Mjita mtaratibu sana. Mdogo wake wa tumbo moja aliitwa Masatu. Ndiye huyo Jenerali tuliyemzika wiki iliyopita, ambaye mmeshinda kwenye simu zenu mkibishana kama alikuwa shujaa au katili. Mimi nilimwona kwa macho, kwa hiyo ngoja nikwambie.

Masatu alitoroka nyumbani akiwa kijana, akaenda kusini kujiunga na wapigania uhuru waliokuwa wakipambana na Mreno. Alirudi na mguu mmoja mzito na maneno machache. Jeshini akapanda, akapanda, mpaka juu kabisa, majeshi yote yakawa chini yake. Sisi vijana wa mwaloni tulikuwa tunachechemea makusudi ili tufanane naye. Usicheke, hata mimi nilichechemea, na nilichechemea vizuri.

Kisha akavua magwanda, akaja kutuomba kura za ubunge, wakampa uwaziri na kumkabidhi ziwa na samaki wake. Hapo ndipo jina lake lilipoanza kuingia doa. Aliingia ziwani kama anaingia vitani. Makokoro yanarundikwa, yanamwagiwa mafuta ya taa, yanawaka, msafara unaondoka moshi ungali unafuka. Kuna mialo ambayo mpaka leo ukitaja jina lake mtu anatema mate.

Asubuhi hiyo ilikuwa zamu yetu, na Jenerali alikuja mwenyewe. Makokoro yote yakavutwa mchangani. La Mzee Bwire lilipofika, ofisa mmoja akatazama alama ya rangi kwenye maboya yake, akamnong'oneza mwenzake, wakaliweka pembeni nyuma ya gari. Nikashusha pumzi. Nilijua maana yake: wenzetu wote wanaunguziwa, kokoro limebaki moja tu, na mvutaji hodari wa kokoro hilo ni mimi. Nikaanza kujiona tajiri pale pale.

Lakini watu wana macho. Marwa, mvuvi mwenye sauti kama honi ya kivuko, akasema, "Mheshimiwa, moto wako unachagua ukoo?"

Watu wakacheka, kicheko kibaya. Mama Nyabise, aliyekuwa akikausha samaki pale, akaongeza, "Mreno ulimmaliza, sasa umekuja kutumaliza sisi. Ila ulipofika kwa kaka yako risasi zikakwisha."

Jenerali hakugeuka. Niliona shingo yake tu, imekaza. Mpaka leo sijui kama ndiye aliyeagiza au vijana wake walijipendekeza.

Mzee Bwire akanigusa bega. "Shika kamba."

"Kamba gani, mzee?"

"Ya kokoro letu. Tulipeleke kwa wenzake."

Nikamwambia polepole, "Mzee, hili wameshalisamehe."

"Wamemsamehe nani? Kesho utapita hapa na samaki, Marwa amekaa na njaa anakutazama, utamsalimiaje? Shika kamba, kijana, usinitie aibu."

Nikashika. Nilikuwa navuta ugali wangu mwenyewe kuupeleka motoni, na nilijua. Nikilitupa lile kokoro pale, kesho yake sina kazi. Watu wakatupisha. Tulipolifikisha, Mzee Bwire akamwita mdogo wake kwa jina la nyumbani.

"Masatu. Washa."

Ndipo Jenerali akakumbuka kwamba tangu afike hajasalimia. "Shikamoo, kaka."

"Marahaba. Washa sasa, watu wana shughuli zao."

Akawasha kwa mkono wake. Moto ukashika, sisi tunautazama kama watu walio matangani. Alipoona umekolea, akageuka kwenda garini, na wale maofisa wakaanza kusema kivuko kinasubiri, Mwanza kuna kikao. Mzee Bwire akasema, wala hakupaza sauti, "Chakula kipo."

Mwanangu, kwetu maneno hayo ni mazito. Mdogo mtu akiukataa ugali wa kaka yake mbele za watu, undugu umekatika. Kila aliyekuwa pale alilijua hilo, na Jenerali kuliko wote. Akasimama mkono kwenye mlango wa gari. Nilidhani ataingia. Akaufunga mlango, akamwambia dereva azime.

Akachechemea kuelekea nyumba ya kaka yake, iliyo juu tu ya mwalo. Mzee Bwire akamzuia. "Siyo ndani. Hapa."

Ugali wa muhogo ukaletwa pale mchangani, kando ya moto, pamoja na sato wadogo waliovuliwa na kokoro lile lile alfajiri. Mzee Bwire akamwita Marwa, akamwita na Mama Nyabise, akaniita na mimi. Tukanawa maji ya bakuli moja. Waziri akala sahani moja na mtu aliyetoka kumkejeli sasa hivi, mabega yanagusana.

Akainua sato mmoja, mfupi kama kidole. "Kaka, huyu alikuwa hajazaa hata mara moja. Mnakula wajukuu zenu."

"Najua," Mzee Bwire akasema. "Na hawa wanajua. Ungekuja kwanza kutuambia hivyo, tukagombana tukachoka, halafu ndio ulete kiberiti."

"Msituni nilikuwa nasema mara moja, watu wanafanya."

Marwa, mdomo umejaa ugali, akasema, "Sisi siyo kikosi chako, mheshimiwa. Sisi ni watu uliokuja kutuomba kura."

Wakagombana kweli, mpaka jua likawa kali na kivuko kikaondoka bila wao. Alisikia majina ya watoto watakaotolewa shule kwa kukosa ada. Alisikia matusi mawili matatu, akayameza pamoja na samaki. Sheria hakuibadilisha, na makokoro hayakufufuka. Ila mwalo uliofuata alitangulia kwenda kukaa na kula, akawapa muda wa kutafuta nyavu halali, ndipo akarudi. Wenzake huko juu walisema Jenerali amelainika, na hakukaa sana kwenye uwaziri baada ya hapo.

Mimi nilibeba mchanga, nikauza barafu, nikajifunza kushona nyavu halali. Darasa la saba sikumaliza, lakini leo wenye digrii zao wananisubiri getini kwangu Buswelu niwape kazi. Jenerali alipostaafu alihamia Nyegezi. Nilikuwa nampelekea sato mkubwa, naye ananiambia, "Wewe kijana ulivuta ile kamba kwa hasira." Namjibu, "Na wewe uliwasha kwa aibu." Tunacheka. Sasa sina wa kucheka naye hivyo, na nyumba ile nikipita sigeuki kuitazama.

Msibani Marwa alikuja, amezeeka, anashikiliwa mkono. Wa mialo ile aliyoichoma kabla yetu hawakuja, na siwalaumu.

Basi mwanangu, nasaha yangu ni hii. Ukipata nguvu ya kuamuru watu, itafika siku utamuumiza mtu, hata ukiwa na haki. Siku hiyo usiwashe gari. Kaa naye, ule anachokula, usikie anachosema mpaka amalize. Na ukiwa wewe ndiye ndugu wa mkubwa, wakitaka kukuweka pembeni usiguswe, shika kamba mwenyewe ujipeleke walipo wenzako. Utapoteza kazi, utapata nyingine. Mimi ni shahidi.

Mungu akukuze, akupandishe uwapite wa rika lako wote. Na kila atakapokupandisha, akuachie mtu mmoja anayeweza kukuita kwa jina la nyumbani, nawe ukageuka.