Nani Anapika Kwenye Ghorofa Yangu?

Ghorofa yangu ilikuwa imefungwa mwaka mzima. Sasa nani anapika mle ndani?

Swali hilo aliniuliza mama Kesari, jirani wa wazazi wangu kule Patan, kwa simu, Jumamosi asubuhi.

"Wewe Biplav, umewapangisha majini?"

"Majini gani tena, mama?"

"Sufuria ya presha inapiga filimbi huko kwako juu. Kila Jumamosi! Au umerudi kimyakimya, unatukwepa?"

Nikakata simu, nikatafuta funguo za pikipiki.

Nyumba yetu baba aliijenga kwa kuongeza ghorofa moja moja. Chini wanakaa wao wazee. Katikati ni kwa kaka Anup, aliyehamia Sydney. Juu ni kwangu. Na kwenye paa, kama ilivyo kwetu, nondo zimeachwa zimesimama zikingoja ghorofa ya mwanangu Nigam atakapooa.

Mtoto ana miaka sita tu, lakini baba anazipaka rangi kila mwaka zisishike kutu.

Mimi nilihamia fleti mpya nje ya mji. Mke wangu, mimi na Nigam, basi. Lifti ipo, maegesho yapo, raha mustarehe. Baba nilimwambia tunakaa kwa muda tu, mpaka mtoto azoee shule.

Uongo mtupu. Fleti nilishainunua. Tena ile ghorofa yangu nilishamwahidi mpangaji, na wazee sikuwaambia kitu.

Basi nikapanda pikipiki mbio. Huyo mwizi leo atanitambua!

Nikaokota ufagio uani, nikanyata ngazini. Mlango wangu uko wazi.

Ndani, mama anapakua wali na dengu. Baba kakaa mkekani, kavaa koti na kofia yake ya sherehe.

"Baba! Mnafanya nini huku?"

Akacheka kwa aibu. "Tumekuja kula kwako."

"Kwangu? Si sipo?"

"Ndiyo hivyo hivyo," mama akadakia. "Jumatano tunakula kwa Anup, Jumamosi kwako. Nyumba isiyopikiwa hufa, mwanangu. Kaa ule. Na huo ufagio wa nini?"

Nikakaa. Pembeni kulikuwa na sahani tatu tupu, moja ndogo, ya Nigam.

Nikarudisha tonge kwenye sahani. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

"Baba, kuna jambo nilitaka kuwaambia..."

"Mpangaji wako alikuja jana," akasema, bila hasira. "Kijana mstaarabu. Alikuja kupima madirisha, anunue mapazia."

Mama akainamia sufuria.

"Ndiyo maana leo nimevaa kofia," baba akaendelea. "Nilijua ni mara ya mwisho kula kwako."

Nikatoa simu. "Namkatalia sasa hivi!"

"Weka simu. Mtu ameshaahidiwa." Akanisogezea achari. "Na zile nondo, kesho fundi anakuja kuzikata. Kijana anataka pa kuanikia nguo."

Nililia pale pale, mtu mzima na ndevu zangu. Mama akaniongezea wali.

Mpangaji amehamia. Jumamosi hizi wazee wanakuja kula kwangu, kwenye fleti. Baba anakuja na kofia yake, anabisha hodi, anangoja akaribishwe. Kila akibisha, moyo unanisuta.

Wewe unayesoma hapa, kama wazazi wamekutunzia chumba, nenda ukapike mwenyewe. Usingoje jirani akupigie simu.