Siku Nilipotangaza Msiba kwenye Mkutano wa Kampeni

Nikipita sokoni Sumbawanga mpaka leo kuna watu wananiita "Mheshimiwa Pole", na mimi naitikia, nacheka nao, maana jina la utani ukilikataa ndiyo umelipigilia misumari. Lakini nyinyi ni washikaji zangu, sina haja ya kujifanya: aibu ya siku ile bado imenikaa kooni kama mwiba wa samaki mgebuka, nikimeza inachoma, nikikohoa haitoki.

Mimi, mnanijua, ni fundi wa kuchomelea, natengeneza mageti na madirisha, na shule yangu iliishia kidato cha pili (hesabu zilinishinda, na mimi nikazishinda kwa kuzikimbia), ila tangu utoto nina ugonjwa wa kuota mchana. Kwa hiyo niliposikia kuna chama kidogo, ofisi yake ni chumba kimoja nyuma ya mashine ya kusaga, kinatafuta mtu wa kugombea udiwani wa kata yetu, sikuuliza mara mbili, nikasema mtu mwenyewe ndiye mimi.

Nilikuwa na sababu lakini. Kata yetu iko pembeni ya mji, njia ya kuelekea Mollo, nusu nyumba nusu mashamba ya mahindi na ulezi, na katikati kinapita kijito ambacho watoto wa upande wetu lazima wakivuke kwenda shule. Daraja hakuna, kuna mawe. Mwaka juzi, mvua zilipokolea, Kanuti aliteleza kwenye yale mawe akitoka shule, maji yakamchukua. Kanuti alikuwa mtoto wa mama mdogo Felista, na mama mdogo ndiye aliyenilea baada ya mama yangu kufariki, kwa hiyo yule alikuwa mdogo wangu kabisa, mimi ndiye niliyemfundisha baiskeli kwa kumsukuma na kumwachia (alianguka, akalia, halafu akasema, "Tena!").

Mama mdogo hakulia. Jioni ileile ya maziko aliwashukuru watu, akawaambia warudi kwao, akaanza kukunja mikeka mwenyewe. Watu walishangaa, maana kwetu msiba hauishi hivyo, watu wanalala pale siku kadhaa, mfiwa anapikiwa, hashiki hata sufuria. Yeye alishika jembe wiki ileile. Na jina la Kanuti halikutajwa tena ndani ya nyumba ile, tukawa tunalizunguka kama shimo lililo katikati ya uwanja.

Basi, nilipopitishwa kugombea nikamfuata uani, alikuwa anapepeta ulezi.

"Mama mdogo, mkutano wangu wa kwanza nataka uje ukae mbele. Watu wakikuona wataelewa."

"Wataelewa nini?"

Nikaangalia miguu yangu.

"Nitakuja," akasema, huku ungo unaendelea kucheza mikononi. "Wewe ni mwanangu, siwezi kukuacha uchekwe peke yako. Lakini jina lake usilitaje kwenye hayo maspika yenu. Tumeelewana, Gaude?"

"Tumeelewana, mama. Kabisa."

Maspika yalikuwa ya Swedi, rafiki yangu, ambaye familia yao ina duka la vifaa vya ujenzi mjini na malori ya mizigo. Swedi alileta pikapu, jenereta, spika mbili kubwa kama makabati, na wimbo wa kampeni aliourekodi mwenyewe kwenye simu yake, wenye maneno matatu tu: "Gaude, daraja, twende!" yanarudiwa mpaka uchoke.

"Ukinyoosha mkono juu," akanielekeza, "mimi naachia wimbo, watu wanacheza, mambo yanakuwa moto."

"Mkono upi?"

"Mkono wowote, bwana, usinichanganye."

Mahali pa mkutano nilichagua mimi: palepale kwenye mawe, ili watu waone hatari kwa macho yao. Ila mwanasiasa aliyeiva angekumbuka kuwa kampeni zinafanyika kiangazi. Upepo wetu wa Ufipa ulikuwa unavuma na vumbi lake, nyasi zimekauka, na kile kijito cha hatari kilikuwa kimebaki uzi wa maji ambao mbuzi anauruka bila kukunja miguu. Nikapanda kwenye pikapu, nimevaa koti la kuazima (mikono ilinifika hapa, karibu na kiwiko), nikapaza sauti:

"Ndugu zangu, mto huu ni hatari!"

Wallahi, kama Swedi anavyopenda kusema, muda uleule kuku wa mtu akatokea kwenye majani, akavuka. Taratibu. Katikati akasimama akanywa maji.

Mzee Venansi, jirani yetu mfuga nguruwe, mtu ambaye mdomo wake haujawahi kufungwa kamba, akasimama. "Mheshimiwa mgombea! Unataka kutujengea daraja la kuku?"

Watu wakaangua kicheko.

"Hapo mimi navuka hata nikiwa nimelewa!" akaongeza.

"Kwani uliwahi kuvuka ukiwa hujalewa?" akadakia mama mmoja, na hapo ndipo mkutano ulipoharibika kabisa, watu wakawa wanapigana mabega, wengine wanalia kwa kucheka, na mimi nimeshika maiki natabasamu kama picha ya kitambulisho. Nilijaribu kusema habari za mvua, za maji yanavyopanda, lakini kila nikisema "mto" mtu anaiga sauti ya kuku. Nikamtazama mama mdogo kwenye benchi la mbele. Alikuwa ameinamisha kichwa. Nikadhani anaona aibu kwa ajili yangu, na hilo lilinichoma kuliko kuku.

Hapo ndipo nilipofanya uamuzi wangu mdogo. Nilijiambia, nitalitaja lile jina mara moja tu, wanyamaze, niendelee.

"Mnacheka?" nikasema. "Kanuti hakucheka hapa."

Palitulia. Hata upepo niliuona umetulia. Na mimi, kwa ujinga wangu, nikaona ule ukimya ni ushindi, nikaona kumbe naweza kuongea na watu wakasikiliza, maneno yakaanza kutoka yenyewe: begi lake lililokutwa limenasa kwenye matete, daftari zilizoanikwa juani kana kwamba mwenyewe atarudi kuzisoma, yote, mpaka ile "Tena!" ya baiskeli. Halafu nikamaliza (Mungu anisamehe) kwa kusema, "Na mama yake huyu hapa mbele yenu. Simama, mama, wakuone."

Akasimama. Lakini hakuwageukia watu. Alikung'uta vumbi kwenye kitenge chake, akanigeuzia mgongo, akaanza kutembea kuelekea nyumbani.

"Mama, subiri!" nikaita, nikanyoosha mkono.

Mkono wowote, alisema Swedi.

"GAUDE! DARAJA! TWENDE!"

Jamani, zile spika zilipasua anga. Mama wa watu anaondoka na msiba wake, na nyuma yake ngoma inamsindikiza. Nikapunga mkono kumwonyesha Swedi azime, yeye akaona mkono, akaongeza sauti. Nikanyoosha yote miwili. Akaongeza tena, akaanza na kucheza mwenyewe, macho kafumba, maana alikuwa anaamini tumefika pale pa moto. Mpaka niliposhuka nikang'oa waya wa jenereta ndipo akafumbua macho akauliza, "Vipi, haijakolea?"

Nilipogeuka, bibi mmoja wa jumuiya yetu ya kanisani alikuwa ameinuka. Alivua kitenge cha mabegani, akakifunga kiunoni, akamfuata mama mdogo bila neno. Kwetu mfiwa haachwi atembee peke yake, na kila mwanamke pale alijua kuwa huyu aliachwa mwaka juzi, kwa kutaka mwenyewe, na hawakuwahi kupata nafasi ya kumrudia. Wakainuka wote, mmoja mmoja, vitenge viunoni. Wanaume wakavua kofia wakafuata nyuma. Mzee Venansi naye, akipita karibu yangu, hakunitania. Laiti angenitania.

Tukabaki mimi, Swedi, viti vya plastiki, na yule kuku.

Mngesema yameishia hapo. Sasa fikiria wewe unatoka shambani na jembe lako, unakutana na msafara wa wanawake wamefunga vitenge viunoni, kimya, wanaelekea kwa Felista: utadhani nini? Tulipomaliza kupakia viti na kufika nyumbani, watu walikuwa wanaingia na kuni vichwani na unga kwenye mifuko. Baba yake Swedi, mzee wa watu, alishatuma lori na turubai na mchele. Simu yangu ikaita, mjomba kutoka Chala.

"Gaude, nani katutoka? Niko stendi hapa natafuta gari."

"Hakuna aliyefariki, mjomba."

"Wewe mtoto, msiba haufichwi." Akakata.

Nilichanganyikiwa. Swedi, anayependa kusaidia na ambaye siku hiyo kila msaada wake ulikuwa moto wa petroli, akasema spika si zipo, tuwatangazie. Na mimi nikakubali! Nikasimama mlangoni kwa mama mdogo na maiki: "Ndugu wananchi, hakuna msiba hapa, tunaomba mrudi majumbani kwenu, asanteni kwa kuja."

Bibi yule wa jumuiya akaniangalia kama mtu anayeangalia mbwa aliyeingia kanisani. "Yaani Gaude, unatufukuza msibani kwa spika?"

"Bibi, shikamoo, lakini..."

"Shikamoo yako kaa nayo."

Mlango ukafunguliwa. Mama mdogo akatoka, macho makavu. Aliangalia kuni, unga, turubai linalofungwa, watu waliosimama hawajui waingie au watoke. Mimi hakuniangalia.

"Waacheni waingie," akasema. "Ni msiba wa Kanuti. Gaudensi ameshautangaza."

Jina langu zima. Tangu nizaliwe hajawahi kuniita jina zima.

Wakatandika mikeka. Akakaa katikati yao, na nilimsikia kutoka nje, kwanza sauti ndogo kama ya mtu anayetafuta kitu gizani, halafu ikafunguka. Nilishika shoka nikapasua kuni, hata zile ambazo zilishapasuliwa, kwa sababu kwenye benchi la wanaume hakuna aliyesogea wala kuniambia nikae. Swedi alikaa kwenye pikapu, uso kwenye usukani, analia waziwazi. Msije mkasema kumbe yaliishia vizuri, mama wa watu hatimaye akalia. Alikuwa na haki ya kuchagua siku yake, na mahali pake, na asisikilizwe na kata nzima iliyokuja kucheka.

Wakati wa chakula ulipofika, msichana akaniletea maji ya kunawa, halafu sahani imefunikwa kwa sahani nyingine, kama anavyoletewa mtu aliyetoka mbali. Mimi, ambaye maisha yangu yote katika nyumba ile nimejipakulia mwenyewe sufuriani, nimekaa jikoni juu ya kinu kilicholala, huku mama mdogo ananigombeza kwamba namaliza mboga. Nikauliza, "Nani kasema mniletee huku?" Msichana akajibu, "Mama Kanuti kasema mgeni asisahaulike."

Uchaguzi nilishindwa, wala sikushangaa. Mawe bado ni yaleyale, na mvua zinarudi, na likitokea jambo la daraja nitakwenda kuchomelea bure, usiku na mchana, bila kufungua mdomo. Maana udiwani naweza kuugombea tena, kuchekwa nimeshazoea, hata na kuku. Lakini mtu akiniwekea neno lake moyoni mwangu na kuniambia nisilitoe, nimeapa, dunia yote na inicheke mpaka ianguke, nitafunga mdomo.

Kwa mama mdogo naenda kila Jumapili baada ya misa. Hajanikasirikia, ningefurahi angenikasirikia. Ananipokea vizuri sana, anafuta kiti kwa kanga, anakisogeza sebuleni. "Karibu, Gaudensi," anasema, "karibu ukae." Nami nakaa.