Aliyeeneza Maua ya Njano Hadi Njiru

Jumatatu nilipata habari kwamba jirani yangu wa Kariobangi, dereva mstaafu mwenye asili ya Ukambani, ametutoka. Nimelia, msomaji wangu, lakini niseme kweli: mtu huyu nilimwonea wivu miaka mingi, na hata sasa anapongoja kuzikwa, wivu wenyewe haujaniisha.

Yote yalianza na mti. Aliupata kwenye bustani ya tajiri wake, mche mdogo ndani ya mkebe wa mafuta ya kupikia, akaupanda mlangoni. Haukukawia kujaa maua ya njano, na kila Jumapili familia zilizotoka kanisani zilipanga foleni hapo kupigwa picha. Mimi nilikuwa na waridi langu, nililolimwagilia maji ya kuteka, na mpiga picha alilipita tu. "Buda, hapa kwako hakuna rangi," aliniambia. Iliniuma! Nikaona dawa ni moja: mti ule uzagae, usiwe kitu cha ajabu tena. Nikawa nachuma maganda yake makavu, na kila nilipokwenda Njiru kumwona dada yangu nilimwaga mbegu kando ya barabara.

Ziliota kupita nilivyotaka. Miti ikavamia mitaro, ikaziba jua kwenye vishamba vya sukuma wiki vya akina mama wa huko. Wakaja kwake, si kwangu, maana mti wa picha ulijulikana kote kuwa wake. "Mzee, maua yako yanatumaliza! Watoto watakula njano?" mmoja alifoka, nami nimesimama papo hapo. Jirani alinitazama, kisha akamjibu, "Niwie radhi, mama. Jumamosi nitakuja kung'oa." Walipoondoka akaniambia kwa upole, "Jirani, upepo wa hapa haufiki Njiru." Aling'oa Jumamosi baada ya Jumamosi, peke yake, mpaka mgongo ukamshinda.

Mjini tunapanda kinachopendeza bila kuuliza kitaishia wapi. Mapambo yakishameza kingo za barabara tunasingizia upepo na ndege, kumbe mengine tumeyaeneza sisi wenyewe kwa roho mbaya.

Akina mama wa Njiru, mbegu nilimwaga mimi. Nilipaswa kuyasema haya mbele yenu yeye angali hai. Hilo ndilo funzo, na nimelipata nikiwa nimechelewa. Sasa namwonea wivu wa mwisho: alijua aibu ni yangu, akaibeba, na bado akapata usingizi. Mimi silali.