Plau Juu ya Kaburi

Harufu ya udongo mbichi siipendi mpaka leo. Asubuhi hii, huku kijijini Sigino, tulipokuwa tunamzika baba yangu mdogo, ilinirudisha utotoni.

Nilikuwa mtoto baba alipozikwa pembeni mwa shamba letu la mbaazi. Kaburi lake lilikuwa tuta la udongo na msalaba wa mti, basi. Mvua za kwanza ziliponyesha, baba mdogo na mkewe walikuja na ng'ombe na plau kulichukua shamba. Mama alisimama mbele ya ng'ombe, kanga imemgandia mwilini.

"Shemeji, hapo amelala kaka yako."

"Maiti hali ugali, shemeji. Sogea."

Akachapa fimbo, mama akaruka pembeni. Msalaba ulivunjika kama ukuni na udongo mwekundu ukapinduka, unang'aa. Mama alinishika mkono kwa nguvu.

"Usilie mbele yake," akaninong'oneza.

Sikulia. Mahindi aliyopanda yalipoota, hatukujua tena baba alikuwa chini ya mstari upi.

Leo, baada ya sala, mwana wa baba mdogo alinifuata akijifuta machozi, kwenye shamba lile lile tulipomzika baba yake.

"Kaka, tunaomba trekta lako litusombee mchanga na saruji, tumjengee mzee kaburi."

"Trekta langu halisombi mchanga," nikamwambia. "Linalima. Mvua zikianza nitalileta hapa."

Alinitazama kama mtu asiyeelewa. Mama yake, ambaye siku ile alikuwa akiwaongoza wale ng'ombe, alielewa. Alikaa chini kwenye udongo, akaanza kulia upya, na mimi nikamwacha alie.