Mtu wa Ghorofa ya Nne

Kabla ya maghorofa kufika Chapwa, Fausta Namwinga hakuwahi kupotea njia ya nyumbani kwake. Angepoteaje? Aliolewa pale akiwa na miaka kumi na tisa, akazaa pale watoto wanne, akafiwa na mumewe Nikodemo pale pale. Alijua kila kijia kilichokatiza kwenye mahindi, na kila mlango alijua una nani nyuma yake. Watu walimwita Mama Clever, kwa jina la mwanawe wa kwanza. Mtoto akizaliwa, habari zilifika kwake kabla ya kitovu kukauka. Mtu akifa, yeye ndiye aliyefunga khanga kiunoni na kutoka na sufuria kichwani, wanawake wengine wa jumuiya wakimfuata.

Kisha mji wa Tunduma ukafura. Malori ya mpakani yaliongezeka, watu wa kazi za mizigo wakatafuta pa kulala, na mashamba ya Chapwa yakaanza kutazamwa kwa jicho jingine. Kampuni moja ikaja na wapima ardhi wake. Familia sita zilizopakana zikakubali kuachia mashamba, na kila moja ikaahidiwa fleti mbili. Fausta alisita mwezi mzima.

"Mama, utafungua koki na maji yatatoka humo humo ndani," Clever alimwambia. "Hutapalilia tena na mgongo huo. Utakaa kama watu."

"Kwani sasa nakaa kama nini?" Fausta aliuliza. Lakini alitia sahihi.

Yakasimama majengo matano, kila moja ghorofa tano, yote rangi ya maziwa, madirisha yale yale, ngazi zile zile. Fausta akapewa fleti ya ghorofa ya tatu katika Bloku D. Ile nyingine Clever aliipangisha, mwenyewe akabaki Vwawa kwenye kazi yake. Siku ya pili tu baada ya kuhamia, Fausta alirudi kutoka sokoni, akapanda ngazi, akatia ufunguo mlangoni, ukagoma. Akautikisa, akautemea mate, akaupiga mlango teke dogo. Mlango ukafunguliwa na mwanaume mwenye povu la sabuni usoni.

"Unafanya nini nyumbani kwangu?" Fausta alimfokea.

"Mama, hapa ni Bloku C," yule mwanaume akasema.

Majengo alianza kuyazoea baada ya miezi michache. Watu ndio waliomshinda. Walitoka alfajiri, wakarudi jioni, wakafunga milango. Wapangaji walihama kabla hajawajua watoto wao. Wale wenzake wa zamani, zile familia sita, walitawanywa kwenye bloku tofauti, na baadhi walikwisha kuuza fleti zao na kurudi shamba, Isongole na kwingineko. Yeye hakuitwa Mama Clever tena. Aliitwa mama wa tatu kushoto.

Mtu mmoja tu ndiye aliyekuwa na muda naye. Alikuwa mwanaume wa miaka kama thelathini na mitano, kichwa kimenyolewa, koti la bluu. Umeme ukikatika, pampu ililala na maji yakapandishwa kwa ndoo. Mara ya kwanza mtu huyo alimkuta Fausta ameketi kwenye ngazi anahema, akaichukua ndoo yake bila kuuliza, akaifikisha hadi mlangoni. Tangu hapo kila walipokutana alimwamkia, "Shikamoo mama," na Fausta akimwona ana njaa alimpa hindi la kuchoma. Alikuwa akilila huku anapanda ngazi, akiimba pambio mdomo umejaa. Siku moja Fausta alimuuliza yeye ni wa wapi.

"Mimi wa hapo juu tu, mama. Ghorofa ya nne," akajibu kwa haraka, simu ikiita mfukoni.

Miezi ilivyopita, Fausta akaona aibu kumuuliza jina mtu aliyekwisha kula mahindi yake mara ishirini. Akabaki kumwita moyoni mtu wa ghorofa ya nne.

Jumatano moja asubuhi, mwezi wa tano, alisikia kishindo ngazini, kisha sauti. Alipotoka, alikuta watu wanne wanashuka na mtu wamemlaza kwenye blanketi, wamemfunika. Nyuma yao alikuja Jairo, msimamizi wa majengo, amekumbatia daftari lake kama Biblia.

"Nani huyo?" Fausta aliuliza.

"Yule jamaa wa ghorofa ya nne. Ameanguka ngazini. Tunamkimbiza hospitali."

Saa nne Jairo akarudi peke yake. Alisema mtu yule alifika akiwa amekwisha kata roho. Madaktari wanadhani ni presha. Jina lake lilikuwa Mika. Alikuwa karani katika kampuni ya kutoa mizigo mpakani, na kwao ni Isansa, kule Mbozi. Ndugu walikwisha pigiwa simu.

Fausta aliketi pale pale kwenye ngazi. Mika! Kumbe aliitwa Mika. Alilia kwa sauti, kilio cha Chapwa ya zamani, akitegemea milango ifunguke. Ilifunguka miwili. Mmoja ulifunguka kidogo, mtu akachungulia, ukafungwa taratibu.

Hapo ndipo alipochanganyikiwa kabisa. Misiba ameiona mingi, lakini huu hakujua aushike wapi. Watu watakaa wapi? Fleti ya marehemu imefungwa. Moto utawashwa wapi? Nani ataleta unga, na atamletea nani? Alifunga khanga kiunoni kwa mazoea, kisha akasimama katikati ya sebule hajui aelekee upande gani. Mwisho aliteremka na mikeka yake miwili, akaitandika kwenye maegesho, kati ya gari dogo jeupe na pikipiki.

"Mama, hapa hapakaliwi," Jairo alisema. "Sheria ya jengo."

"Sheria inasema mtu akifa tukae wapi?"

Jairo alifungua daftari. Alipekua kurasa, akarudi mwanzo, akapekua tena. "Haijasema," akakiri. "Lakini moto hapana, mama. Kuni zitaharibu hivi vitofali vya chini."

"Basi tutapika juu. Kagonge milango uwaambie kila jiko litoe chungu kimoja."

Jairo alienda. Fausta hakutegemea kitu, ila kufikia saa nane watu walianza kuteremka mmoja mmoja, wengine na sufuria ya wali, wengine na maharage, mmoja na mkate wa dukani ambao haujafunguliwa. Walikaa mikekani na kusalimiana kama abiria. "Wewe wa wapi?" "Wa kwanza kulia." "Ahaa, kumbe tunapakana!" Mwanamke mmoja wa chini, Mercy, alimuuliza Fausta kwa kunong'ona, "Mama, samahani, marehemu alikuwa yupi?"

"Yule wa koti la bluu," Fausta akajibu. "Mchangamfu."

"Mimi sikuwahi kumwona na koti la bluu," Mercy akasema. Fausta akamhurumia, akadhani hatazami watu.

Saa kumi jioni pikapu ikaingia getini. Akateremka mwanamke mfupi wa miaka sabini, viatu vyake vina udongo mwekundu wa shamba la kahawa, akishikwa mkono na shemeji yake. Huyo alikuwa Tabita, mama yake Mika. Alikwisha kupita hospitali kumwona mwanawe. Alikaa mkekani, akatazama juu kwenye madirisha yale mengi yaliyofanana, kisha akatazama watu.

"Nani alikuwa jirani yake hapa?"

Watu wote walimtazama Fausta. Akasogea, akamshika mkono.

"Mwenzangu, ni mimi. Umezaa mtoto. Alinipandishia maji mimi mwanamke mgeni kwake, hakuwahi kulalamika. Nilikuwa nampa mahindi ya kuchoma, anakula huku anaimba. Nilikuwa nikisikia pambio najua mwanangu amerudi."

Tabita alimkazia macho. "Mika? Mika alikuwa anaimba?"

"Mpaka ngazi zinaitika!"

"Mika wangu alikuwa hasemi. Tangu utotoni. Mwalimu aliniita shuleni akidhani ni bubu. Na mahindi ya kuchoma yalikuwa yanamuuma tumbo."

"Basi mjini alibadilika," shemeji akasema.

"Kumbe alibadilika," Tabita akarudia, na uso wake, uliokuwa umekauka, ukalainika. Akamgeukia shemeji yake. "Umesikia, Rabson? Alikuwa anaimba. Nami nilikuwa nikilala nawaza amejifungia peke yake na wale watu asiowajua. Niambie tena, mama. Aliimba nini?"

Fausta akamwambia. Akamwimbia hata kipande. Tabita alikuwa anatikisa kichwa na kutabasamu machozi yakimtiririka, na watu wote mikekani wakawa wanalia pamoja nao, hata wale waliokuja kwa sababu tu waligongewa mlango.

Geti likalia. Mtu akaingia ana begi mgongoni, uso una vumbi la safari, akaona umati, akavua kofia.

"Jamani, poleni," akasema. "Nani ametutoka? Shikamoo mama."

Alikuwa na koti la bluu.

Fausta aliinuka, akakaa, akainuka tena. Alimshika yule mtu mashavu kwa mikono miwili mbele ya watu wote, kama anayepima viazi. Yalikuwa ya moto. "Wewe si umekufa?" akamuuliza.

"Mimi? Mama, mimi nimetoka ng'ambo, Kitwe, na lori. Nimeondoka Jumapili."

"Unaitwa nani?"

"Lusubilo. Nakaa ghorofa ya nne, kulia. Ni nani, ni yule wa kushoto?"

Fausta alimtazama Tabita, akatamani vile vitofali vifunguke vimmeze. Lakini kazi ile haikuwa na mtu mwingine wa kuifanya. Alipiga magoti mkekani.

"Mama Mika, nisamehe. Nimekosea mtu. Huyu ndiye aliyenipandishia maji. Huyu ndiye anayeimba. Mimi nilidhani ghorofa ya nne ina mtu mmoja."

Tabita alimtazama Lusubilo, kisha Fausta. Hakukasirika, alionekana kama mtu aliyeamshwa ghafla na hajajua yuko chumba gani.

"Kwa hiyo mwanangu hakukubebea maji?"

"Sijui, mama. Labda aliwahi kumbebea mwingine. Mimi sijui."

"Na wewe ulikuwa humjui?"

"Nadhani nilipishana naye. Lazima nilipishana naye. Uso wake siukumbuki."

Tabita akawageukia wengine. "Hakuna aliyemjua?"

Watu waliinamisha vichwa. Mercy alisema kwamba siku moja taa zake zilikorofisha, na mtu mmoja mkimya wa juu akamwandikia kwenye kipande cha karatasi namba ya fundi umeme, akaondoka. Labda ndiye. Lusubilo akasema kupitia ukutani alikuwa akisikia redio, kila alfajiri, taarifa ya habari tangu mwanzo hadi mwisho, kisha inazimwa.

"Redio," Tabita akasema. "Na alikuwa anaizima kabla ya matangazo ya biashara?"

"Ndiyo! Kabla kabisa."

"Basi huyo ni yeye," mama yake akasema, akajifunika uso kwa khanga.

Kesho yake walizika Isansa. Fausta alikwenda, pamoja na Lusubilo, Mercy na watu wengine tisa wa Bloku D, wamebanana nyuma ya pikapu iliyobeba pia kitanda cha marehemu. Njia nzima Fausta alijiuliza anakwenda kama nani. Jirani? Jirani wa aina gani? Kule kijijini walikaribishwa kwa heshima, wakawekwa mbele, na kila walipotazamwa walijisikia kama watu waliovaa nguo za kuazima.

Baada ya kuweka mashada, Tabita aliwainua wageni awatambulishe. Alimshika Fausta mkono. Fausta akajiandaa kwa aibu.

"Huyu," Tabita alisema kwa sauti iliyofika hadi kwenye mibuni, "ndiye mama aliyemtunza mwanangu mjini. Mika alikuwa akimpandishia maji ghorofani, na yeye akimpa mahindi ya kuchoma. Mwanangu aliimba kule."

Fausta alimtazama. Alitafuta kwenye uso ule kama mama huyu amesahau yaliyosemwa jana, au hakuyasikia, au ameyasikia yote na ameamua kubaki na haya. Lusubilo, aliyesimama nyuma yake na koti lake la bluu, alikohoa, akatazama chini. Watu wa Isansa wakampigia Fausta makofi ya kumshukuru. Akainamisha kichwa akayapokea, maana hakujua mtu anayakataaje makofi ya msibani.

Mwezi uliofuata fleti ya Mika ikapata mpangaji. Fausta aliona magodoro yakipandishwa, na mwanamke kijana akielekeza wapagazi. Jumamosi akavaa khanga safi, akapanda ngazi hadi ghorofa ya nne, ambako katika mwaka mzima hakuwahi kukanyaga. Alisimama mbele ya mlango wa kushoto akipumua kwa nguvu, akagonga.

Mlango ulifunguka kiasi cha uso.

"Hodi, mwanangu. Mimi naitwa Fausta Namwinga, Mama Clever. Nakaa hapo chini, ghorofa ya tatu. Nimekuja nikujue. Wewe unaitwa nani?"

Yule mwanamke alimtazama kuanzia miguuni hadi kichwani, kisha akatazama ngazini kama kuna mwingine anakuja.

"Kwani kuna tatizo gani, mama?" akauliza.

"Hakuna, mwanangu," Fausta akasema, akabaki amesimama mlangoni. "Nataka jina tu."