Picha ya Masizi ya Baba

Mwanangu, siku niliyompelekea baba picha ya masizi yake naikumbuka hata leo.

Baba alikuwa fundi wa chuo cha Kurani pale Tsaramandroso, mtaa wa mji wa Mahajanga. Fundi, ndivyo sisi wenye asili ya Ngazija tunavyomwita mwalimu wa dini. Miaka ya sabini ilikuwa inaishia na kalamu zilijaa madukani, lakini yeye wino wa kuandikia mbao za watoto aliutengeneza mwenyewe. Anawasha kibatari, anafunika sahani ya udongo juu yake, mimi nayakwangua masizi kwa unyoya wa kuku, naye anayachanganya na gundi ya mkorosho. Nikirudi ndani pua nyeusi, mama hana mbavu kwa kucheka.

Siku moja nikamuuliza baba, masizi haya ni nini hasa?

"Sijui," akasema. "Ukijua, njoo unionyeshe."

Basi nikaenda kujua. Masomo yakanifikisha Ufaransa, kwenye maabara ya kaboni, nikafanya kazi na chembe ambazo elfu moja zikipangwa mstari hazifiki unene wa unywele. Masizi ya nyumbani nilikwenda nayo katika kichupa cha dawa. Nilipoyaweka chini ya hadubini kubwa ya umeme nikaona vitu vya mviringo, maganda juu ya maganda, kama kitunguu. Nililia, wala sikuona haya.

Lakini sikumwambia baba. Katika kazi yetu, kilichoonekana mara moja bado hakijaonekana. Unasafisha, unarudia, unarudia tena. Huenda lilikuwa vumbi, huenda mashine ilinidanganya. Haraka haraka haina baraka, yeye mwenyewe ndiye aliyenifundisha. Nikasahau kwamba wahenga hao hao walisema ngoja ngoja huumiza matumbo.

Miaka ikapita. Nilipoipata picha kubwa, safi, isiyo na shaka, mama alikuwa ameshafariki, na baba amehamia kisiwa cha Nosy Be, kijiji cha Andilana, kwa shangazi. Nikaenda huko moja kwa moja. Shangazi akanipokea mlangoni akilia. Baba alikuwa amepofuka, na alikuwa amemkataza shangazi kuniandikia habari hiyo, nisije nikakatiza kazi.

Nikamwekea picha mapajani. Akaipapasa kwa kidole chake cha wino, ukucha ungali mweusi.

"Hii ni karatasi tu," akasema.

Nikamsimulia yale maganda, moja baada ya jingine. Alisikiliza kwa makini, akitabasamu, kisha akauliza niliyaona lini mara ya kwanza.

"Kabla mama hajafariki."

Akaigeuza picha mapajani. "Wakati ule nilikuwa naona."

"Sikuwa na hakika, baba."

"Mwanangu, hakika ni ya Mungu. Ungeniletea shaka yako, tungeitazama pamoja."

Alifariki mimi nikiwa nimesharudi maabara. Picha shangazi aliitundika ukutani, na wageni wakidhani ni mawe ya pwani hakuwasahihisha. Nimezeeka katika kazi hii, nimefundisha wengi na kusifiwa kidogo, lakini hakuna sifa iliyonifikia bila mimi kukitafuta kile kidole cha baba.

Nakuambia wewe unayeianza kazi hii sasa. Pima, rudia, wala usiutangazie ulimwengu jambo usilolihakikisha, utajiaibisha bure. Lakini nyumbani hawakungojei na mizani. Waliokulea wapelekee kazi yako ingali mbichi, na makosa yake, na usiku wake wa mashaka, kwa sababu wao hawahitaji ushahidi, wanakuhitaji wewe. Mimi nilimtunzia baba kilicho bora nikamnyima kilichokuwapo.

Nenda, mwanangu. Mwenyezi Mungu akupe macho ya kuona yaliyofichika, na akubakizie wa kumwonyesha. Amina.